Zana hufa kwa namna mbili

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi ambao ndiyo kwanza mnataka kuwa na karakana nyumbani, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie zana mpya na zana zilizokwisha kutumika: ipi inunuliwe, ipi iachwe. Jambo hili lina wafuasi wakali pande zote mbili. Wapo wanaoapa kwamba chuma ni kile cha zamani na cha siku hizi ni bati tupu. Wapo pia wasiogusa kitu ambacho hakijatoka kwenye boksi lake. Nimewasikiliza wote, na sikubaliani na yeyote kati yao.

Mimi natazama zana inavyokufa. Kuna zana zinazokufa hadharani. Kutu unaiona, jino lililokatika unaliona, mpini uliopasuka unauona, na kilichoharibika unaweza kukirudisha kwa mikono yako, tupa na kinoo. Kuna nyingine zinakufa kwa siri, ndani ya plastiki, ndani ya betri, ndani ya gundi inayoshikilia chembe za diski, na siku utakayogundua zimekufa ndiyo siku zitakapokuumiza au kukukatisha kazi. Zinazokufa hadharani nunua zilizotumika, tena kwa moyo mweupe. Zinazokufa kwa siri nunua mpya, au nunua iliyotumika ukiwa unajua hasa ni kipande gani utakachokitoa na kutia kingine.

Nianze na zana za mkono, na humo nianze na randa, kwa sababu ndiyo zana ambayo mtu hulipia mpya bila sababu. Randa ya chuma yenye kigurudumu cha shaba cha kupandisha na kushusha kisu ni wazo la Mmarekani Leonard Bailey. Kampuni ya Stanley ilinunua biashara yake mwaka 1869, na tangu hapo umbo lile limeigwa na karibu kila mtengenezaji. Ndiyo maana kisu kipya mara nyingi huingia kwenye randa iliyotengenezwa kabla babu yako hajazaliwa. Sasa, ukishikishwa randa ya zamani, usianze kutazama kutu. Igeuze kwanza, utazame mdomo wake. Mwili wake ni wa chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye umbo. Chuma hicho hakipindi, huvunjika, na ufa huanzia mara nyingi kwenye pembe za mdomo na kupanda ubavuni. Toa kisu na vipande vyake, ning'iniza mwili wa randa kwa kidole, uugonge kidogo. Mzima hulia, wenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Wenye ufa mrudishie mwenyewe, hata akikupa bure, labda kama unataka vipuri.

Kama hauna ufa, yaliyobaki ni kazi ya jioni moja. Uso wa chini ukiwa umebonyea, gundisha msasa juu ya kioo kinene, chora mistari ya penseli kwenye uso huo wote, kisha sugua. Penseli itakapobaki ndipo penye bonde. Eneo la kuangalia zaidi ni mbele ya mdomo, kwa kuwa hapo ndipo mbao hukandamizwa kabla kisu hakijafika. Kutu ya juujuu loweka kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi iishe nguvu, kausha haraka, paka mafuta. Usiisahau humo kwa wiki nzima, maana asidi ikimaliza kutu huendelea na chuma chenyewe. Na mpini uliovunjika, jamani, wewe ni fundi seremala au unataka kuwa, chonga mwingine.

Patasi ndiyo inayowadanganya wengi. Muuzaji hunoa upande wa mteremko, unameta, ukijaribu unakata karatasi, unafurahi. Igeuze mgongo. Makali ya patasi ni pale nyuso mbili zinapokutana, mteremko na mgongo, na mgongo wenye vishimo vya kutu hauwezi kutoa makali yaliyonyooka hata mteremko ukinolewa mwaka mzima. Vishimo vilivyo juu, karibu na mpini, havina madhara. Vilivyo kwenye sentimita chache za mwisho vinakudai usugue chuma kingi au ukate patasi iwe fupi. Halafu tazama rangi. Chuma cha kaboni kikipashwa kwenye cherehe mpaka kikawa na rangi ya buluu, kimepita kama nyuzi 300 za selsiasi, na ugumu wake umepungua. Makali yatakunja mapema. Buluu hiyo inaweza kufutwa kwa msasa muuzaji akitaka, kwa hiyo njoo na tupa ndogo mfukoni. Iguse kwenye ncha: tupa ikiteleza, chuma ni kigumu, ikiuma na kutoa unga, kimelainika. Ukiona patasi au msumeno wa zamani umepigwa chapa ya maneno ya Kiingereza CAST STEEL, usidhani ni chuma cha kusubu. Ni chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya vyungu, kwa njia iliyoanzishwa na Benjamin Huntsman huko Sheffield katika miaka ya 1740, na kwa makali bado ni chuma cha kuheshimiwa.

Kwa misumeno ya mkono, zana za leo na za zamani zimeachana njia kabisa. Msumeno mwingi mpya wa bei ya chini una meno yaliyofanywa magumu kwa joto la umeme. Ncha zake zina weusi wa buluu. Meno hayo ni magumu kuliko tupa, hukaa na makali kwa muda mrefu, na siku yakiisha msumeno umeisha. Ule wa zamani meno yake ni laini kiasi cha kunoleka, na mtu mwenye tupa ya pembe tatu na uvumilivu ataurudisha kazini mara nyingi mno. Mimi ningekuwa na yote miwili: mpya wa kukatia mbao zenye misumari na vumbi la saruji, na wa zamani wa kazi safi. Unapoununua wa zamani, utazame kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha. Uliopinda kwa upole unaweza kunyooshwa. Uliopata kikunjo kikali mahali pamoja utakusumbua kila ukiusukuma.

Nyundo, koleo, vibano na bisibisi nisiwapotezee muda: chukua zilizotumika, hakikisha kichwa cha nyundo hakichezi na kwamba kibano kinakaza bila kuruka uzi. Tindo iliyogongwa mpaka kichwa kikafumuka pembeni inunulike, lakini sugua zile kingo kwenye cherehe kabla hujaipiga hata mara moja, maana vipande vyake huruka na jicho halina kipuri. Jiliwa tazama kama taya zinafunga sawa, kama skrubu yake ina uzi mzima, na kama kuna mahali palipochomelewa. Palipochomelewa papo hapo ndipo patakapovunjika tena.

Tupa nunua mpya. Sijui kwa nini watu hununua tupa zilizotumika. Tupa iliyokwisha makali haina namna rahisi ya kunolewa nyumbani, na kwa macho inafanana na nzima.

Spana zina mtego mmoja. Ukinunua kisanduku cha zamani unaweza kukuta zimechanganyika za milimita, za inchi, na za Whitworth, ule mfumo wa nyuzi za skrubu aliouleta Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Namba za spana za Whitworth hutaja unene wa boliti, wala hazitaji upana wa kichwa cha nati, ndiyo maana spana ya Whitworth iliyoandikwa nusu inchi ina kinywa kikubwa kuliko spana ya kawaida ya nusu inchi. Za milimita 19 na robo tatu ya inchi zinaingiliana bila shida, tofauti yake ni sehemu tano za mia za milimita. Lakini milimita 13 na nusu inchi, ambayo ni 12.7, tayari ni ugomvi: spana ya 13 itaingia kwenye nati ya nusu inchi, na ukikaza kwa nguvu itazila kona zake zote.

Sasa tuhamie umeme. Drili ya mkononi ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Fein wa Ujerumani walitengeneza ya kwanza mwaka 1895, na Black & Decker wakapata hataza ya drili yenye mshiko wa bastola na swichi ya kidole mwaka 1917. Drili ya waya inayouzwa leo ndani yake bado ina mambo yaleyale: mota, kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, giya, beringi, swichi. Kila kimoja kinabadilishika. Kwa hiyo drili ya waya iliyotumika, ya kampuni ambayo vipuri vyake vinapatikana, ni ununuzi mzuri. Iwashe bila mzigo uisikilize. Beringi iliyochoka hulia kwa mkwaruzo ambao haupotei mota ikipata moto. Chungulia kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za buluu pale kaboni zinapogusa ni za kawaida, ila ukiona duara la moto linalozunguka pande zote, aidha kaboni zimeisha au mota yenyewe inaungua. Nusa pia. Harufu ya vanishi iliyoungua haitoki, na mota iliyoungua kusukwa upya mara nyingi hukugharimu kuliko drili nyingine iliyotumika. Funga biti iliyonyooka, washa polepole, utazame ncha. Ikichora duara, kinachoshika biti kimelika au mhimili umepinda.

Waya wenyewe uupinde pale unapoingia kwenye mshiko, mashine ikiwa inazunguka. Ikikatakata, shaba imevunjika ndani. Hilo halinitishi, ni tengenezo dogo, lakini ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Kinachonitisha ni waya uliofungwa tepu.

Soma kibao cha mashine kabla ya kulipa. Zana zinazozunguka dunia hutoka kwenye nchi zenye umeme tofauti: Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, na nchi nyingi nyingine 230. Mashine ya volti 100 ukiichomeka kwenye 230 itazunguka kwa furaha ya dakika moja, kisha utaona moshi. Transfoma inasaidia, ila lazima iwe na wati nyingi kuliko mashine, na transfoma ya kubeba msumeno wa umeme ni mzigo mzito wa kuburuta karakanani kila siku. Kuna na jambo la pili ambalo transfoma hailigusi. Mota ya kaboni haijali kama umeme ni wa hezi 50 au 60, yaani umeme unarudia mzunguko wake mara ngapi kwa sekunde. Mota nzito ya mashine za kusimama, ile isiyo na kaboni, inajali: mwendo wake unafuata hezi. Iliyotengenezwa kwa 60 ukiiendesha kwa 50, mwendo unapungua kwa sehemu moja ya sita na mota hupata joto zaidi.

Mashine hizo za kusimama zilizotoka viwandani ni kishawishi kikubwa. Unakuta msumeno wa meza, chuma kizito, meza haitikisiki, na bei yake ni ya kushangaza. Muulize kwanza kama mota ni ya fezi tatu. Nyumba nyingi zina fezi moja, na ndiyo sababu mashine ile imekosa mnunuzi. Inawezekana kuweka kifaa cha kubadilisha umeme au kubadili mota, lakini ingiza gharama hiyo kwenye hesabu yako kabla ya kutafuta watu wa kukusaidia kubeba.

Zana za betri. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo fedha nyingi zinapopotea. Ndani ya betri ya volti 18 kuna seli za lithiamu zilizopangwa tano tano, kila moja volti 3.6. Zikijaa chaji kila moja hufika kama volti 4, na tano zinakuwa 20. Ndiyo maana kampuni moja huandika 18 na nyingine 20 kwenye betri zenye nguvu ileile. Msilipie zaidi kwa namba hiyo. Seli hizo zimeungwa mfululizo, na hutembea kama msafara, kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote: moja ikichoka, betri nzima inajizima, hata kama nne zilizobaki ni nzima. Na lithiamu huzeeka hata ikiwa kabatini, hasa ikihifadhiwa imejaa chaji mahali pa joto. Yote haya hayaonekani kwa nje. Taa ya betri itakuonyesha imejaa, drili itazunguka kwa nguvu mbele ya muuzaji, na nyumbani itakufa kwenye tundu la tatu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni mwili uliotumika na betri mpya. Lakini kabla ya kununua mwili, hakikisha betri ya umbo hilo bado inatengenezwa. Drili za zamani za nikeli na kadimiamu, zenye seli 15 za volti 1.2 ili kupata 18, zinauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo hasa. Na mnapochagua zana ya kwanza ya betri mjue mmechagua na za baadaye, kwa kuwa betri ya kampuni hii kwa kawaida haiingii kwenye zana ya kampuni ile. Mkiniuliza mimi, karakana ya nyumbani yenye soketi ukutani haina haraka na betri. Waya ni kero, lakini zana ya waya haizeeki kabatini.

Niingie kwenye grenda, na hapa sitacheka. Grenda yenyewe unaweza kuinunua iliyotumika kwa vipimo vilevile vya drili, ila kikinga chake kiwepo na kikaze. Ambaye anakuuzia grenda bila kikinga amekuambia jinsi alivyoitumia. Diski nunua mpya siku zote. Diski ya kukatia imeshikiliwa na resini, ndiyo ile gundi niliyoitaja mwanzoni, na resini hudhoofika kwa unyevu na umri. Tazama pete ya chuma katikati, utaona tarehe imepigwa, kwa kawaida miaka 3 tangu ilipotengenezwa. Diski iliyopita tarehe haina ufa, haina kutu, haina dalili. Halafu kuna wale wanaotoa kikinga ili wafunge diski kubwa kwenye grenda ndogo. Nipeni nafasi nipige hesabu. Diski hizi nyingi zimepimwa kwa mwendo wa ukingo usiozidi mita 80 kwa sekunde. Ya milimita 115 hufika hapo ikizunguka mara 13,300 hivi kwa dakika. Ya milimita 230 hufika hapo kwa mizunguko 6,650 tu. Sasa iweke hiyo kubwa kwenye grenda ndogo ya mizunguko 11,000: ukingo wake unakimbia mita zaidi ya 130 kwa sekunde, na uso wako uko karibu nao, na kikinga umekitoa wewe mwenyewe.

Mawe ya cherehe ya mezani yanaweza kupimwa. Litoe, lining'inize kwenye kidole, ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Lililo zima hulia wazi. Lisilolia usilifunge. Miwani ya kukinga macho, vichujio vya vumbi na kofia ngumu, hizo hata sizijadili, nunua mpya.

Jambo moja la uungwana. Mashine ambayo namba yake imekwanguliwa, au ambayo muuzaji hajui inawashwaje, acha. Kuna fundi mahali amelala bila kazi kwa ajili yake.

Mwanzoni mwa karakana watu hupenda kununua seti kubwa, boksi lenye vipande mia na kitu. Mimi nasema nunua kwa kazi iliyo mbele yako. Unatengeneza rafu? Basi unahitaji futi, skwea, msumeno, drili na biti chache nzuri, tena biti ziwe mpya. Mlango ukikwama ndipo utafute randa. Baada ya kazi kadhaa utakuwa unajua ni zana ipi unaishika kila siku, na hiyo ndiyo ustahili kuitolea fedha za kipya kizuri, ikiwa cha zamani hakikuridhishi.

Nimebakiza vipimo, na nimeviacha mwisho makusudi kwa sababu hapa upya hauna maana yoyote. Skwea mpya inaweza kuwa imepinda na ya zamani ikawa kamili, au kinyume chake. Pima maji iweke ukutani au mezani, soma povu, kisha igeuze mwisho kwa mwisho palepale. Povu likisimama mahali tofauti, pima maji inadanganya. Kalipa ifunge kabisa, uitazame dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya kati ya taya, au sifuri isikae kwenye sifuri, mjue. Skwea ishikize kwenye ukingo wa mbao ulionyooka, chora mstari kwa penseli kali, igeuze upande wa pili, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikilala juu ya mwenzake, skwea ni sahihi. Ikiachana, nafasi unayoiona ni kosa mara mbili.

Pale mezani nimeweka skwea kadhaa, mpya na za zamani zimechanganywa, pamoja na ubao na penseli. Baadhi zimepinda. Sitawaambia ni zipi. Njooni mzijaribu, na mwenye swali aniulize tukiwa palepale.